Cheryl Dunye na mwigizaji ambaye hakuwahi kuishi

Mimi ni mhariri wa filamu za makala, na sehemu kubwa ya kazi hii ni kusaka picha za zamani. Mara nyingi mtu unayemtafuta hakuacha hata moja, hasa akiwa mwanamke, mweusi, tena anayependa wanawake wenzake. Hakuna aliyeona haja ya kumtunzia kumbukumbu. Cheryl Dunye ndiye mwongozaji aliyelikabili pengo hilo kwa ujasiri kuliko wote ninaowajua.

Alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1966, akakulia Philadelphia, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza filamu fupi kwa video, zikiwemo Janine na She Don't Fade. Humo anaitazama kamera na kutusimulia habari za mapenzi, maisha yake yakichanganyika na ya kubuni.

Kisha mwaka 1996 ikatoka The Watermelon Woman, inayotajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke msagaji mweusi. Dunye anaigiza kijana anayefanya kazi kwenye duka la kukodisha video. Katika filamu ya miaka ya 1930 anamwona mwigizaji mweusi akicheza kama mtumishi, na kwenye orodha ya waigizaji hakuandikwa jina lake halisi. Anaanza kumfuatilia, na polepole tunamjua Fae Richards, nyimbo zake, na uhusiano wake na mwongozaji mzungu wa kike.

Fae ni wa kubuni. Mpiga picha Zoe Leonard alitengeneza makumi ya picha za maisha yake, akimpiga picha mwigizaji Lisa Marie Bronson na kuzifanya zionekane zimechakaa. Dunye akapishanisha picha za mkanda wa filamu wa milimita 16 na video ya kawaida, na hapo ndipo ustadi wake wa uhariri unaponivutia zaidi. Picha yenye chenga, iliyotikisika kidogo, tunaiamini upesi kuliko picha safi, kwa sababu tunadhani hakuna aliyeipanga. Akamweka pia mhakiki halisi, Camille Paglia, azungumze kwa jina lake mwenyewe. Mtazamaji anakuwa ameshaamini kila kitu, ndipo mwishoni maandishi yanamwambia wazi kwamba ni hadithi ya kutunga. Angeweza kunyamaza. Mimi namheshimu kwa kutonyamaza.

Bajeti ilikuwa takriban dola 300,000. Kati ya hizo, 31,500 zilitoka mfuko wa serikali wa sanaa, na mbunge Pete Hoekstra akalalamika hadharani kwamba fedha za umma zimetumika kwa filamu ya namna hiyo. Mwaka 1996 filamu hiyo ilipata Teddy, tuzo ya filamu za wapenzi wa jinsia moja katika tamasha la filamu la Berlin.

Baada ya hapo safari haikunyooka. Stranger Inside ya mwaka 2001, kuhusu wanawake gerezani, ilitoka kwenye chaneli ya televisheni ya HBO. Mswada wa filamu hiyo aliuandaa kwa warsha na wafungwa wa Minnesota, na filamu hiyo naiona kuwa kazi yake iliyokomaa zaidi. My Baby's Daddy ya mwaka 2004 ni vichekesho vya studio, na sauti yake siisikii humo. Miaka ya karibuni ameongoza vipindi vya tamthilia kama Queen Sugar na Lovecraft Country.

Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza The Watermelon Woman kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Ukiitazama, zingatia mahojiano ya video zaidi ya hadithi ya mapenzi. Mimi huwaonyesha wahariri wanaoanza sehemu hizo kwanza.