Kwa nini Wakristo huimba sala ambazo wangeweza kuzisema tu?

Katika Misa, padri anamaliza Utangulizi, sala ya kumshukuru Mungu inayotangulia "Mtakatifu", kwa kusema kwamba tunaungana na Malaika na majeshi yote ya mbinguni. Mpiga kinanda anagusa nota ya kuanzia, na kanisa zima linapokea: Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Je, wajua kwa nini hapo tunaimba?

Maneno hayo yametoka Isaya 6:3. Nabii aliwaona maserafi, malaika wa mbinguni, wakiitana mbele ya kiti cha enzi hata misingi ya vizingiti ikatikisika. Imani ya Kanisa ni kwamba katika Misa hatuigizi sifa ile ya mbinguni, bali tunaingia ndani yake. Haikuanza na sisi, wala haikomi tukishatoka nje. Ndiyo sababu "Mtakatifu" ni wimbo wa watu wote pamoja na padri. Huniuma kusikia umetungwa kwa marudio na madoido mengi mpaka waamini wanabaki kimya, ilhali wao ndio walioalikwa.

Kuimba pia ni kukiri. Mnamo mwaka 112 hivi Plinio, gavana wa Bithinia, katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traiano wa Roma kuhusu Wakristo aliowahoji. Walimweleza kwamba hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kama mungu. Mpagani huyo, pasipo kukusudia, alituachia ushahidi wa imani yao: hawakumkumbuka Yesu kama mwalimu aliyekufa, walimwabudu.

Wengi husema Mtakatifu Augustino ndiye aliyenena kwamba aimbaye vizuri husali mara mbili. Maneno hayo hivyo yalivyo hayaonekani katika maandishi yake. Aliyoyaandika katika kitabu cha kumi cha Maungamo, simulizi la maisha na imani yake, yanagusa zaidi. Alikuwa na hofu. Anakiri kwamba sauti tamu ikimgusa kuliko neno linaloimbwa, amekosa, na hapo angependa asimsikie mwimbaji kabisa. Kuna wakati alitamani nyimbo zote ziondolewe masikioni mwake. Lakini alikumbuka machozi aliyoyamwaga kanisani Milano siku za mwanzo za imani yake, akakubali desturi ya kuimba ibaki, ili roho dhaifu iinuliwe kwa njia ya masikio.

Hofu hiyo ndiyo mizani hadi leo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaja lengo la muziki mtakatifu kwa ufupi: utukufu wa Mungu na kutakatifuzwa kwa waamini. Ukaongeza kwamba muziki huwa mtakatifu zaidi kadiri unavyofungamana na tendo la ibada. Kwa hiyo wimbo mzuri wa sadaka unaoendelea wakati padri amekwisha kunawa mikono na anasubiri, umeanza kujitumikia wenyewe.

Mwalimu wa kwaya aliyenifundisha sauti ya tatu hakutupa nota kabla ya maneno. Tulipojifunza Zaburi ya 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia", alitusomesha mstari huo kwa sauti mara tatu. Kisha akafunga daftari, akatuomba kila mmoja afikirie kimya yeye analia kutoka kilindi gani. Tulikaa hivyo kitambo. Ndipo akabonyeza kinanda, akaanza na wa besi.