Kufungwa kwenye mashindano ya konferensi si lazima kumalize msimu

Wengi wanaofuatilia soka la wanawake la vyuo vya Marekani huamini kwamba timu ikifungwa kwenye mashindano ya konferensi yake, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja, msimu umekwisha. Inaeleweka: upande mmoja kombe linanyanyuliwa, upande wa pili wachezaji wameketi nyasini wanalia.

Lakini fainali za taifa za daraja la kwanza huchukua timu 64. Bingwa wa konferensi huingia moja kwa moja. Nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati inayopima msimu mzima. Konferensi dhaifu, kweli, mara nyingi hupeleka bingwa tu.

Ukitaka kuhakiki, chukua ratiba ya fainali zilizopita, uhesabu timu za konferensi moja. Zikizidi moja, kuna iliyoingia bila kombe.