Kujitosheleza si kuwa na choo ndani

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi hadi Molo, mji wa baridi nchini Kenya, kuangalia nyumba ya kupanga. Dalali alikuwa amemwambia kwa simu kwamba nyumba "inajitosheleza". Tulifika saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya viazi. Choo kilikuwa ndani, bafu pia, hata sinki. Dari hapakuwa. Juu kulikuwa na mabati matupu, na kwenye kila ncha ya msumari tone la maji lilining'inia. Pale ukuta ulipokutana na paa niliingiza kidole, kikatokea upande wa pili.

"Sasa usiku nitalalaje hapa?" shangazi akauliza.

Dalali akamwonyesha paneli ya sola ya taa mbili. "Mama, si nilikuambia inajitosheleza?"

Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno. Maana yake ni fupi: nyumba inayojitosheleza hujipatia yenyewe joto, umeme na maji ya wakazi wake, bila kungoja waya wa stima, bomba la mtaa wala gunia la makaa. Hii maana ya choo na bafu imetoka kwenye matangazo ya Kiingereza ya vyumba vya kupanga, ikahamishwa neno kwa neno bila mtu kuuliza Kiswahili kinasema nini.

Na Kiswahili kinasema mengi. Chimbuko ni tosha. Kitu hakitoshi hivi hivi. Lazima kiwe na wa kumtosha. Pakiti moja ya unga hutosha nyumba yenye watoto wawili, wageni wakija haitoshi tena, ingawa unga ni ule ule. Tosheleza ni kufanya haja itimie, na ukiweka ji- mbele, anayetimiza na anayetimiziwa huwa mmoja. Basi neno lina pande mbili, kilichopo na kinachohitajika. Unaweza kuongeza cha kwanza au kupunguza cha pili. Sisi tumeushika upande wa kuongeza tu: paneli nyingine, betri nyingine, jiko kubwa zaidi. Hapo ndipo huwa naumia, kwa sababu kwenye nchi za baridi upande wa kupunguza ndio uliobeba kazi.

Mwaka 1977, mjini Regina nchini Kanada, ambako baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, ilijengwa Saskatchewan Conservation House. Kuta zake zilijazwa kihami, yaani kitu cha kuzuia joto lisipotee, kwa unene wa sentimita 30 hivi, paa likazidi hapo, nyufa zikazibwa. Hewa chafu iliyokuwa ikitoka ilipitishwa kando ya hewa safi iliyokuwa ikiingia, iiachie joto lake kabla ya kwenda. Ilikuwa pia na mitambo ya gharama ya kukusanya joto la jua. Baadaye mitambo hiyo iliondolewa, na kuta zikaendelea na kazi yake.

Mwaka 1991, mjini Darmstadt, Ujerumani, zikaja nyumba za Passivhaus, ambazo nishati yake ya kupasha joto haizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita mraba kwa mwaka. Hizo zinahitaji kidogo sana, lakini bado zinapokea nishati kutoka nje, kwa hiyo hazijitoshelezi. Iliyojitosheleza kwa umeme na joto ni ile ya mjini Freiburg, Ujerumani pia, ya mwaka 1992, iliyogeuza jua la kiangazi kuwa hidrojeni ili iishi nayo majira ya baridi. Kubana matumizi na kujitosheleza ni mambo mawili, na la kwanza ndilo msingi wa la pili.

Molo haina tatizo la Freiburg. Tuko karibu na ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, na joto linalotakiwa kuwekwa akiba ni la usiku mmoja tu. Dari, kihami juu yake, ukuta usio na nyufa na dirisha linalopokea jua la asubuhi hufika mbali. Kihami chenyewe, nieleweke, hakileti joto. Sweta haina moto ndani yake; sufu hushika hewa itulie, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Kondoo wa Molo wanalijua hilo, maana ndiyo mavazi yao.

Tahadhari moja: ukishaziba nyufa, acha tundu maalumu la kupitishia hewa, na usiingize kabisa jiko la makaa chumbani. Gesi yake haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa wamelala.

Tulipokuwa tukiondoka nilimvuta dalali kando. Nilimwambia aseme tu "ina choo na bafu ndani", ni Kiswahili safi na kila mpangaji atamwelewa. Paneli ile aiite taa za sola. Na neno kujitosheleza aliweke kando kwanza, mpaka mwenye nyumba atakapoweka dari.