Baiskeli za Kwenda Kazini: Zimepungua, au Tunazihesabu Vibaya?

Kila takwimu mpya zinapotoka, sisi tunaoshughulika na mipango ya usafiri mijini huulizwa swali lile lile: je, miji iliyosifika kwa baiskeli imezichoka? Muulizaji mara nyingi anaiwaza Portland, jimbo la Oregon, Marekani.

Namba za Portland kweli zinashtua. Mwaka 2014, asilimia 7.2 ya wafanyakazi wake walikwenda kazini kwa baiskeli. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 5.2, na miaka michache baadaye wakafika 2.8.

Kabla ya kuizika baiskeli, tulitazame swali lililozaa namba hizo. Ofisi ya Sensa ya Marekani humuuliza mfanyakazi: wiki iliyopita, kwa kawaida ulifikaje kazini? Jibu ni moja tu. Aliyepanda baiskeli siku mbili na basi siku tatu, huyo ni mtu wa basi. Aliyeendesha baiskeli hadi stesheni akapanda treni huandikwa treni, maana kinachohesabiwa ni chombo kilichombeba umbali mrefu zaidi. Safari ya sokoni au ya kumpeleka mtoto shule haimo kabisa. Halafu ikaja korona. Anayefanyia kazi nyumbani naye yumo kwenye jumla ya wafanyakazi, kwa hiyo wanaobaki nyumbani wakiongezeka, fungu la baiskeli husinyaa hata kama baiskeli ya mtu iko palepale ukumbini, imepakwa mafuta. Na wengi waliokuwa wakivuka madaraja ya mto Willamette, unaoigawa Portland, kila asubuhi walikuwa watu wa ofisi za katikati ya jiji, ndio hao hao walioambiwa wasije.

Lakini nisiifiche Portland nyuma ya hesabu. Kushuka kulianza kabla ya korona, na jiji lenyewe, linalohesabu waendeshaji barabarani, lilikuta mwaka 2022 wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja kulinganisha na 2019. Hapo hakuna ujanja wa dodoso. Kwa maoni yangu, mafuta ya gari yaliyoshuka bei mwishoni mwa 2014 yalichangia, na kodi za nyumba zilizopanda zilichangia zaidi: watu walisukumwa mashariki ya jiji, kazini kukawa mbali na barabara ni pana, za magari ya mwendo kasi. Rangi ya mstari mweupe unaotenga njia ya baiskeli haimkingi mtu hapo.

Paris imekwenda kinyume. Mei 2020 mtaa wa Rivoli, mmoja wa mitaa mikubwa ya mji, ulifungiwa magari mengi ya binafsi na sehemu kubwa ikaachiwa baiskeli. Mwaka 2021 jiji likatangaza mpango wa baiskeli wa miaka mitano wa euro milioni 250. Utafiti wa Institut Paris Région, taasisi ya mipango ya mkoa wa Paris, uliotolewa 2024 ulikuta kwamba ndani ya Paris baiskeli hubeba asilimia 11.2 ya safari, na gari asilimia 4.3 tu.

Ila msomaji asikimbilie kuweka 11.2 kando ya 2.8. Hiyo ya Paris ni safari za kila aina, na washiriki walibeba vifaa vya GPS vilivyofuatilia mienendo yao, hawakuulizwa tu walichokumbuka. Aliyekwenda kununua mkate kwa baiskeli Paris amehesabiwa. Wa Portland hayumo.