Je, wajua kwa nini nyanya zikikataliwa sokoni hasara humwangukia mwenye Fuso?

Saa kumi na moja alfajiri, Mwanza. Ziwa bado jeusi, upepo wa majini unapenya shati. Fuso imetoka Ilula mkoani Iringa, takriban kilomita 1,000 kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Utingo anafungua turubai. Dalali hana haja na matenga ya juu. Anamwambia kuli ashushe mawili ya chini kabisa, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na unapotoka unachuruzika maji mekundu. Ananusa vidole.

"Kaka, hizi sipokei."

Dereva hakulima wala hakununua. Kazi yake ni kubeba. Imekuwaje yeye ndiye anayebaki na lori zima la matenga yanayovuja, na nauli hajaiona?

Tuanze na nyanya yenyewe. Nyanya ikichumwa haifi. Inaendelea kupumua: inavuta oksijeni, inachoma sukari yake, inatoa joto, maji na hewa ya ukaa. Inatoa pia gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoivisha. Nyanya iliyoiva huwaharakisha jirani zake, na iliyopasuka hutoa gesi zaidi. Joto likipanda nyuzi 10 hivi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Sasa chukua tani kadhaa za nyanya zinazopumua, zifunike turubai lililokazwa kamba, zipitishe Singida saa nane mchana. Joto zinalotoa halina pa kutokea, linazirudia zenyewe. Halafu kuna tenga: refu, la mianzi, zilizo chini zimebeba uzito wa zote zilizo juu, na kila tuta la barabarani ni ngumi.

Nami ni dereva mwenye Fuso yangu, na watu huniambia, si mngezitia barafu kama wanavyofanya wenye sangara? Hapana. Samaki amekufa, barafu humfaa. Nyanya ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 huumia: hushindwa kuiva vizuri, hupoteza ladha, na hupata madoa yanayoingiza uozo. Inachohitaji ni kivuli, hewa inayopita, na kreti za plastiki badala ya tenga.

Kwa hiyo hatima ya mzigo mara nyingi huamuliwa shambani. Zikichumwa zimeanza tu kugeuka rangi, zinafika ngumu. Zikichumwa nyekundu kabisa kwa sababu mvua iliwazuia wachumaji siku mbili, zitafika zimelegea hata dereva angeendesha kama aliyebeba mayai. Lakini mkulima yuko Ilula na mwenye mzigo ni sauti kwenye simu. Anayeonekana ni dereva, na kwenye mikono yake ndiko kuna kitu kinachoweza kukatwa: nauli, ambayo kwa wengi wetu tunaojitegemea hulipwa mzigo ukishashuka. Juu ya hapo, kila saa gari linaposimama ni pesa. Mchele wa kurudi nao unasubiri, mwenye mchele anapiga simu. Dalali anayajua yote hayo. Dereva mwenye haraka hukubali lolote.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona mara nyingi: si kila mzigo unaokataliwa umeharibika. Asubuhi ambayo magari manne ya nyanya yameingia kabla yako, bei imeshaanguka, na nyanya ambazo jana zingepokelewa kwa shangwe leo zinaitwa laini. Njia ya kutofautisha ni moja. Omba yafunguliwe matenga ya mbele, ya katikati na ya nyuma, ya juu na ya chini, mbele ya mtu wa uongozi wa soko. Anayekataa kwa ubora atakubali kuyafungua. Anayekataa kwa bei ataanza kusema ana haraka.

Kule Marekani jambo hili wamelifanyia kanuni, chini ya sheria ya biashara ya matunda na mboga ya 1930. Mzigo ukija kwa lori, mnunuzi hupewa saa 8 tu tangu ajulishwe umefika na awezeshwe kuukagua. Asipoukataa ndani ya muda huo, amehesabiwa ameupokea. Na akiukataa, anaweza kuitwa mkaguzi wa serikali apime joto la ndani ya tunda, ahesabu yaliyoharibika na aandike cheti. Sisi alfajiri ile ushahidi wetu ni simu ya mkononi: picha za matenga yakiwa bado ndani ya gari, picha ya namba ya gari, na sauti ya dalali akitaja sababu.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kukagua kabla ya kupokea. Na akikataa kwa haki, halazimiki kuurudisha mzigo kwa muuzaji. Inatosha aseme ameukataa. Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Muuzaji yuko mbali, mnunuzi ameshanawa mikono, mzigo unabaki kwa aliyeushika. Hasara kwa haki si yake, ila iko mikononi mwake, na inaoza.

Mwaka wangu wa pili na Fuso nilikosea hapo. Nilikataliwa, nikapandwa na hasira, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshauza mzigo wote kwa bei ya masalo. Nilimpigia mwenye mzigo baada ya kumaliza. Aliuliza neno moja tu: "Nani alikwambia uuze?" Alikuwa na mteja Geita ambaye angechukua zaidi ya nusu. Nauli ile sikuipata, na nilimlipa sehemu ya hasara kwa miezi.

Baadaye nilijifunza kwamba kosa langu lina umri mkubwa. Uingereza, mwaka 1919, shehena ya nyanya kutoka kisiwa cha Jersey ilichelewa kwa hali mbaya ya hewa, kisha ikakwama bandarini Weymouth kwa mgomo wa wafanyakazi wa reli. Kampuni ya reli ya Great Western ilipoona zimeanza kuharibika iliziuza hapo hapo. Nia ilikuwa njema. Mahakama ya Rufani iliiambia ilipe: ilikuwa na nafasi ya kumtaarifu mwenye mali, na haikumtaarifu.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata mkondo wa ile ya India ya 1872: wakala, panapokuwa na dharura, anaweza kufanya kile ambacho mtu mwenye busara angefanya kuokoa mali ya aliyemtuma. Sheria ya India inatoa na mfano: vyakula vimepelekwa Kolkata ili visafirishwe hadi Cuttack, na kama havitastahimili safari hiyo bila kuharibika, aliyevipokea anaweza kuviuza Kolkata. Nikisoma mfano ule naiona Fuso yangu. Lakini kwa mchukuzi uwezo huo huja pale mwenye mali asipopatikana, na simu iliyopigwa mara tano bila kupokelewa ndiyo inayoonyesha kwamba hakupatikana.

Mwenye mzigo akishasema chambua, kazi huwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Gari kivulini, turubai chini, mafungu matatu. Ngumu zinatafutiwa soko jingine: Igoma, Buhongwa, au ng'ambo ya ghuba, Sengerema na Geita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko huku nyanya zikijichemsha. Zilizoiva sana huchukuliwa kwa ndoo na mama lishe, ambao rojo la samaki la mchana huo huo linazihitaji hivyo hivyo. Zilizooza huzikwa au hupewa wafugaji wa nguruwe. Zisimwagwe ufukweni; ziwa limeshashiba uchafu unaolisha magugu maji.

Siku hizi sipakii bila karatasi. Naandika zimechumwa lini na saa ngapi, rangi gani, matenga mangapi, na aliyepakia anatia saini hapo hapo shambani. Chini nataka namba mbili za simu. Safari moja namba ya kwanza ilikuwa imezimwa. Ya pili ilipokelewa na mke wa mwenye mzigo, saa kumi na mbili kasoro, bado ana usingizi. Nikamtumia picha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, chambua. Ngumu vuka nazo Geita, laini uza hapo hapo."

Nikamwomba ayaandike kwa meseji kabla sijagusa tenga.