Ibn Majid hakumwongoza Vasco da Gama: dhana potofu kuhusu nguzo ya Malindi

Kazi yangu ni kutembeza wageni Malindi. Tukifika kwenye nguzo ya Vasco da Gama, kabla sijafungua kinywa, kuna mtu atasema: "Huyu si aliongozwa na Ahmad ibn Majid?" Yaani yule baharia Mwarabu ndiye aliyemwonyesha Da Gama, Mreno, njia ya kutoka hapa kwenda India. Wanafunzi huisema kwa fahari. Wazee wengine huisema kwa uchungu, kana kwamba Ibn Majid ndiye aliyewafungulia Wareno mlango wa bahari yetu. Wote wanambebesha mtu asiyehusika, na mimi nimechoka kuisahihisha juani kila siku.

Shajara ya safari ile iliandikwa na mtu aliyekuwamo katika msafara wenyewe. Inasema kwamba tarehe 22 Aprili 1498 mtu wa karibu wa mfalme wa Malindi alikwenda merikebuni. Da Gama akamzuia asishuke, akatuma ujumbe pwani kudai rubani aliyeahidiwa. Mfalme akampeleka rubani, na yule mateka akaachiwa. Shajara inamwita rubani huyo Mkristo, kwa kuwa Wareno wa safari ile waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanampa jina, Malemo Cana au Canaca, na wanasema alikuwa Mgujarati, mtu wa Gujarat, India. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar, upande wa Ghuba. Vipi mtu huyo akageuka kuwa Mgujarati?

Jina la Ibn Majid liliingia baadaye. Mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, akiandika miongo kadhaa baada ya tukio juu ya Waturuki kuiteka Yemen, alidai kwamba Ibn Majid aliwaonyesha Wareno njia akiwa amelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Gabriel Ferrand akaliunganisha dai hilo na habari za Kireno, na tangu hapo watu wananakiliana tu. Ibn Majid mwenyewe aliandika mno, kwa nathari na kwa mashairi. Kitabu chake kikubwa cha ubaharia alikimaliza karibu mwaka 1490, na hakuwa mtu wa kuficha ujuzi wake. Hakuna anaposema kwamba alimpeleka Mreno Calicut, bandari ya India.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hadithi hii inaifanya njia ya India ionekane siri ya mtu mmoja, aliyelazimika kuleweshwa ndipo aitoe. Siri ipi? Wareno wenyewe walikuta vyombo vya Wahindi vimetia nanga Malindi. Manahodha walikuwa wakivuka kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, mwaka baada ya mwaka. Da Gama aling'oa nanga hapa tarehe 24 Aprili, kusi inaanza, akiwa na rubani anayeijua njia, na kabla Mei haijaisha alikuwa Calicut. Kurudi hakuingoja kaskazi. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, akapambana na shwari na pepo za mbisho kwa karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, ikabidi moja ichomwe moto kwenye pwani hii hii. Nikisimama pale na wanafunzi, hiyo ndiyo hesabu ninayowapa, kwa sababu inaonyesha ujuzi ulikuwa wa nani.

Dhana nyingine ninazozisikia hapa nitazipitia haraka.

"Nguzo ni ya 1498." Mara ya kwanza Da Gama aliondoka bila kuisimamisha. Aliomba ruhusa aliporudi, Januari 1499. Msalaba ulio juu yake ni wa jiwe la chokaa la Lisbon, wenye nembo ya Ureno. Koni nyeupe inayoushikilia ni nyongeza ya baadaye, na hata rasi hii siyo mahali ulipowekwa mwanzo: ulikuwa karibu na jumba la mfalme.

"Hapa ndipo alipokanyaga." Mwaka 1498 alikataa kushuka, akisema bwana wake hakumruhusu. Mfalme ndiye aliyemfuata baharini, wakazungumza chombo kwa chombo. Shajara inaeleza siwa mbili za pembe za ndovu, kila moja ndefu kama mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni sambamba na tarumbeta. Aliyeiona siwa ya Lamu au ya Pate anajua ni kitu gani kinasemwa.

"Mfalme wa Malindi alidanganyika." Hakudanganyika hata kidogo. Alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Mombasa, na wageni wenye mizinga waliotoka kugombana na Mombasa walimfaa. Mwaka 1505 Wareno waliipora na kuichoma Mombasa, Malindi ikasalimika. Hasara yake ilikuja baadaye: Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, ukoo wa kifalme wa Malindi ukapelekwa huko, na mji ukadorora.

Ushauri wangu kwa anayekuja: usianzie kwenye msalaba. Nenda kwanza Msikiti wa Juma, uyaone makaburi ya nguzo yaliyoko pale. Yalijengwa na watu wa mji huu kwa mawe ya hapa hapa, na lile la kale lilikuwapo kabla Mreno yeyote hajaiona Malindi. Ukishayaona, njoo rasini tuzungumze habari za Da Gama.