Kuuliza njia milimani Nepal: "ndiyo" si jibu

Wengi hudhani inatosha kunyoosha kidole na kuuliza kwa Kinepali "Yo Namche jane bato ho?", yaani hii ndiyo njia ya Namche (mji mdogo wa milimani)? Swali hilo linaomba "ho", ndiyo, na mwenyeji mstaarabu, au aliyekusikia nusu, atakupa hiyo hiyo. Mikono ibaki mfukoni, uulize: "Dai, Namche jane bato kun ho?", kaka, njia ya Namche ni ipi? Mwanamke mwite "didi", dada. Sikiliza: daya ni kulia, baya kushoto (hakuna ubaya wowote), sidha moja kwa moja, mathi juu, tala chini.

Umbali ulizia saa, si kilomita: "Kati ghanta lagchha?", itachukua saa ngapi? Kisha ongeza muda, maana anayejibu anapima kwa miguu yake iliyozoea miinuko.